Mbeleko ya Kamera

Mwaitu,

Nimekaa kwenye kiti chako, kile ulichokifungia mto kwa kamba ili usiteleze, na cherehani yako iko mbele yangu. Ni Jumapili mchana, nimetoka kanisani, hata viatu sijavua. Nimeianza barua hii mara tatu kwa "Mama mpendwa", nikaona naongea kama mgeni. Mimi na wewe tuliitana Mwaitu tangu nijue kusema. Mimi nilikuita hivyo kwa sababu ndivyo Mkamba anavyomwita mama yake, na wewe uliniita hivyo hivyo kwa sababu nilipewa jina la mama yako. Majirani wa hapa Kangemi walikuwa wakitucheka, eti katika nyumba hii haijulikani nani alimzaa nani. Basi na iwe hivyo hivyo.

Ni miezi saba sasa tangu tukuzike. Mama Nduku anashona peke yake pale kwenye veranda ya Kileleshwa mlipokaa pamoja miaka yote ile. Mahali pako hajampa mtu, ameweka ndoo tu. Wateja wako bado wanakuja. Yule mwalimu wa ghorofa ya nne alileta sketi ipunguzwe kiuno, akaambiwa habari zako, akasimama pale akalia na sketi mkononi. Kisha akasema ataivaa hivyo hivyo, pana. Mwenye nyumba wetu amelipaka lango rangi ya kijani ambayo hata mbuzi hawezi kuipenda, na hakuna wa kumwambia. Mimi bado napika chai ya watu wawili. Nakunywa ya kwanza moto, ya pili nainywa ikiwa imepoa, kwa sababu kumwaga siwezi.

Sasa hayo yote ni ya kuzunguka mbuyu. Unanijua, nikiwa na kosa naanzia kwa habari za majirani. Nimekaa hapa kuungama.

Unakumbuka nilipoanza kuunda ile droni. Nilikuwa natengeneza redio na spika za watu mjini, pale Luthuli, na kila nikipata mota moja naileta nyumbani naiweka kwenye kopo tupu la mafuta ya Kimbo. Zilipofika nne nikaomba vipande vya alumini kwa fundi wa madirisha, nikakata mikono minne, nikafunga waya, betri na propela, na meza ya kulia chakula ikawa si yetu tena. Ukaliita lile dude nzige. Ukirudi jioni unaniuliza, "Nzige wako amekula leo?" yaani nimechaji betri. Siku liliporuka kwa mara ya kwanza uani, kamba ya nguo ya jirani ilikatika na shuka mbili zikaanguka matopeni. Ulizifua wewe. Kisha ulizianika mlangoni pangu kabisa ili nizione nikitoka.

Kuruka lilikuwa linaruka. Shida ilikuwa kamera. Nilinunua ile ndogo iliyotumika, nikaibana chini ya tumbo la droni kwa skrubu nne, nikazikaza mpaka mkono ukauma, nikijua kitu kikikazwa hakitikisiki. Nikarusha, nikashusha, nikatazama picha kwenye simu. Nyumba zote za Kangemi zilikuwa zinacheza kama uji kwenye kikombe. Mabati yanapinda, nguzo za stima zinapinda, watu wamevimba upande mmoja. Nikaweka sponji ya kuoshea vyombo katikati, bado. Nikaweka vipande vya tyubu ya baiskeli, ikawa mbaya zaidi. Wiki tatu nzima nilikuwa mtu wa kununa.

Wewe ulikuwa unatazama begani kwangu na pini zimejaa mdomoni. Ukazitemea kiganjani, ukasema, "Umeibana. Ukikibana kitu kwenye kinachotetemeka, nacho kitatetemeka. Wewe nilikubeba mgongoni nikikanyaga cherehani kutwa, na ulilala."

Nilikujibu vibaya. Nilisema hii ni hesabu, si mtoto.

Ulichukua ule mwavuli wetu uliovunjika mbavu, ukakata kitambaa chake kwa kuwa ni chepesi. Ukatoa lastiki kwenye mkoba, ile unayotia kwenye sketi za shule. Ukaniomba kamera, ukaipima jinsi unavyopima watu, mabega, kiuno, urefu, na ukaiambia isimame vizuri. Mimi nilikuwa nimenuna lakini nilicheka. Ulishona kamfuko kenye masikio manane, manne ya juu na manne ya chini, kila sikio na lastiki yake, ili kamera ikae katikati bila kugusa chuma popote. Ukasema hii ni mbeleko, na mtoto ni huyo.

Tulienda uwanja wa nyuma ya kanisa Jumamosi. Nilirusha, nikashusha, tukafungua simu. Picha ilikuwa imetulia kabisa. Nilihesabu misumari kwenye bati la kanisa, Mwaitu. Nilisoma maandishi kwenye tangi la maji. Nikakutazama, na wewe ukasema tu, "Haya," ukaendelea kupiga pindo la suruali ya mtu uliyokuja nayo mfukoni.

Mpaka hapo sina kosa. Kosa ni la Loresho.

Bwana Kirit, hivi sasa bosi wangu, alikuwa anatafuta mtu wa kumuundia droni za hapa hapa. Kampuni yake pale Westlands ni ndogo. Wanakagua paa na mifereji ya nyumba kubwa ili mtu asipande ngazi akavunjika shingo, na zile droni za dukani zikiharibika walikuwa wanangoja vipuri mpaka wanasahau walichoagiza. Akaniita nyumbani kwake Loresho nimwonyeshe yangu. Nikakuambia nakwenda peke yangu. Ukasema hapana, unakuja, huwezi kuniacha peke yangu siku kama hiyo. Ulivaa ile suti ya buluu ya kanisani, ukabeba thamosi na vikombe kwenye kikapu, kana kwamba kwa watu wa Loresho hakuna chai.

Niliirusha droni juu ya vigae vya nyumba yake, nikamwonyesha nyufa mbili ambazo mafundi wake hawakuwa wamezijua. Alifurahi. Akaigeuza droni juu chini, akaivuta ile lastiki kwa kidole, ikarudi. Akaivuta tena. Akaniuliza, "Hii kitu ya kushika kamera ni mzuri sana. Umepata wapi?"

Ulikuwa umesimama hatua tatu nyuma yangu unamimina chai. Ningesema, "Ni mama, huyu hapa," na ingekuwa imekwisha. Nikasema, "Niliagiza kutoka nje."

Na hapa kwetu ukishasema kitu kimetoka nje, hakuna anayeuliza swali la pili.

Nimejiuliza kwa nini, na jibu si zuri. Niliona aibu. Niliona atatambua lastiki ya sketi ya shule, kitambaa cha mwavuli, na atanitazama aone msichana wa fundi wa verandani anayejaribu kuwa injinia. Tangu nikiwa mdogo ulitaka kunifundisha kushona nami nilikataa, na unajua nilikataa kwa kiburi. Nilikuwa nakula kwa cherehani ile, nimesoma kwa cherehani ile, lakini sikutaka kuonekana nayo. Hiyo ndiyo kweli yote.

Wewe ulisikia. Najua ulisikia kwa sababu uliacha kumimina, kidogo tu, halafu ukaendelea. Ukamuuliza anaweka sukari vijiko vingapi. Tulitembea mpaka Waiyaki Way hujasema kitu. Pale tulipongoja kuvuka ukasema, "Amekunywa vikombe viwili." Nilipumua, nikafikiri umenisamehe. Sasa sijui kama ulikuwa umenisamehe au ulikuwa unanitafutia njia ya kusema, nami sikuitumia.

Akaniajiri, akaagiza droni nne, na kila droni na mbeleko mbili, moja ya akiba. Za kutoka nje. Unakumbuka aibu ile? Nilikuja kwako nikiwa natazama chini, nikakuomba unishonee nane. Ulikubali kabla sijamaliza. Halafu nikakuomba jambo la pili.

Kila nguo uliyoshona ulitia alama yako, mishono mitatu ya uzi mwekundu, ndani ya kiuno au ndani ya kola, mahali ambapo mwenye nguo haoni. Ulifundishwa hivyo na mwalimu wako wa kushona kule mjini Wote, kwamba nguo ikirudi uweze kujua kama kosa ni lako au la mwingine. Nilikuomba usiitie kwenye mbeleko. Nilisema Bwana Kirit akifumua akaona uzi wa mkono atashangaa. Ukasema, "Sawa, sitatia." Ukashona nane usiku na mchana na ukanisaidia hata kuzikunja kwenye vifuko vya nailoni ili zionekane za dukani. Ukasema, "Kumbe mimi sasa ni kiwanda." Nilicheka sana. Nilidhani tunacheka wote wawili.

Kuna fomu pia, Mwaitu, ambayo hukuijua. Ili turuhusiwe kurusha mjini, kampuni hujaza fomu ya kibali, na kila kitu tulichokiongeza kwenye droni huandikwa pamoja na jina la aliyekitengeneza. Penye mbeleko, Bwana Kirit aliandika kama nilivyomwambia, kwamba imeagizwa nje. Akatia sahihi yake.

Kisha moyo wako ukaanza kuchoka, na yale ya hospitali nisiyarudie, uliyapitia wewe mwenyewe.

Nikuambie tu la siku ya kukuzika. Nilisoma wasifu wako mimi. Watu walijaa chini ya hema mpaka wengine wakasimama kwenye jua. Nilisoma habari za joho za kwaya, sare za shule, magauni ya harusi ambayo hata walioyavaa sasa wameshaoza mabinti wao. Nilikuwa nimeandika sentensi moja zaidi, kwamba ulishona kifaa kinachobeba kamera angani Nairobi nzima. Niliinua macho nikamwona Bwana Kirit, amekuja na wenzangu wote safari hiyo ndefu ya Makueni, amekaa safu ya tatu na kofia magotini. Nikairuka ile sentensi. Nilisimama kando ya jeneza lako nikakukana mara ya pili, na watu wakasema nimesoma vizuri.

Nisamehe. Sikuweza kuendelea kuandika, nilitoka nje nikasimama kidogo. Nimerudi.

Lastiki huchoka. Hilo nilijua, lakini nilikuwa nimezoea kwamba ikichoka nakuletea wewe. Jua la juu ya paa ni kali na upepo hauna huruma. Miezi mitatu baada yako zile nane zilianza kulegea moja baada ya nyingine, na Bwana Kirit akaniambia niagize nyingine. Nikasema sawa. Nikanunua lastiki mpya, nikafunua cherehani yako, nikashona kwa kutazama ile iliyokuwa mbele yangu. Sindano tatu zilivunjika. Ya kwanza niliyomaliza ilikuwa imepinda kama mdomo wa mtu aliyeng'olewa jino, lakini nilipoifunga kwenye droni ilikaza vizuri. Picha ikatulia. Nikajisifu kabisa. Nikasema kumbe si kazi.

Ilikaa siku nne. Siku ya tano tulikuwa Kileleshwa, tunakagua mifereji ya jumba la ghorofa saba, mimi nikirushia kwenye roshani ya juu. Nikaona picha inaanza ule uji. Nikasema nimalizie upande mmoja tu nishushe. Sikuwahi. Masikio mawili yalilegea kwa pamoja, kamera ikachomoka, ikaanguka kutoka juu mpaka uani.

Uani kulikuwa na dada wa kazi anaanika nguo. Iligonga saruji hatua mbili kutoka kwake. Niliteremka ngazi zile zote mbio, nikamkuta amesimama na shati la mtoto mkononi, anaitazama. Akaniambia kwa upole tu, "Madam, hii kitu yenu imeanguka." Hakuwa hata ameelewa. Mimi ndiye niliyeelewa. Nikaketi kwenye beseni lake lililopinduliwa, yeye akaniletea maji ya kunywa. Anaitwa Faith. Ana mtoto wa miaka miwili kwao. Hatua mbili, Mwaitu.

Asubuhi yake Bwana Kirit aliniita ofisini. Kibali kilikuwa kinakaribia kufanywa upya na jambo lile ilibidi alieleze kwa maandishi. Hakuwa na hasira na mimi, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa na hasira na wale wa nje. Akafungua kompyuta akaniambia, "Toa anwani yao. Naandikia hawa barua moja kali." Akaanza kuandika huku anasoma kwa sauti. Kwamba nyinyi ni watu wa ovyo. Kwamba mnauza takataka. Kwamba hamna haya, hamjali kama mtu atakufa.

Nilivumilia mpaka pale pa haya. Nikasema, "Tafadhali usimtukane mama yangu."

Alisimamisha vidole. Akanitazama kama mtu aliyesikia redio ikijiwasha. Nikamwambia yote, kuanzia mwavuli mpaka vifuko vya nailoni. Nikamwambia zile nane zako zilibeba kamera miezi kwa miezi na hakuna hata moja iliyodondosha kitu. Iliyodondosha ni yangu, niliyoshona mimi nisiyejua, nikaifunga juu ya vichwa vya watu ili nisiseme kweli. Nililia mbele ya bosi, jambo ambalo uliniambia nisifanye kamwe.

Aliisogeza kompyuta pembeni. Kisha akauliza, "Yule mama ya chai?"

Nikasema ndiye.

Akasema, "Mimi nilikunywa chai yake mara mbili. Nimeenda mpaka Makueni kumzika. Hata pale hukuniambia hii kitu ni kazi yake." Halafu akaniambia kitu ambacho sikukijua. Baba yake aliuza vitambaa mjini, Biashara Street, maisha yake yote, na aliketi sakafuni pamoja na fundi wake mmoja, wakila chakula kimoja. Akasema kwao fundi hasemwi vibaya. Nadhani alitaka kunisuta, na alifaulu.

Kisha akawa bosi tena. Akasema nimemfanya atie sahihi kwenye uongo, na kwamba siku nyingine kamera ingemwangukia mtu. Akanishusha chini, nisiguse rimoti mpaka nilete mbeleko itakayobeba uzito mara tatu wa kamera siku kumi bila kulegea. Akasema asipoiona kabla ya siku ya fomu, nitafute kazi kwingine. Nilishukuru. Ni haki.

Nikaenda kwa Mama Nduku. Nilimkuta verandani anatia zipu, nikaketi juu ya ile ndoo. Nikamweleza. Mama Nduku alinisema, Mwaitu, alinisema mbele ya wateja mpaka wakajifanya wanatazama magari. Akasema uliwahi kumwambia. Akasema ulimwambia mara moja tu, mkinywa uji, kwamba mtoto wako anauza kazi yako kama ya wazungu, na ukacheka, kisha ukanyamaza mpaka mkafunga. Nilimwomba asiniambie zaidi. Akasema hakuna zaidi, wewe hukuwa mtu wa maneno.

Alipomaliza kunisema akavuta mbeleko yangu akaitazama, akauliza, "Lastiki ulitundika?"

Sikujua anauliza nini. Akashangaa. Kumbe wewe hukukata lastiki mpya hata siku moja. Uliifua kwanza, ukaitundika msumarini na uzito chini yake, siku nzima na usiku wake, mpaka iache kudanganya. Lastiki mpya hudanganya, akasema, hukaza leo ikalegea kesho, na fundi hupima baada ya uongo kuisha. Pale pale nikakumbuka ile mifuko ya maharagwe iliyokuwa ikining'inia nyuma ya mlango wa jikoni. Miaka yote ile nilidhani unayatundika ili panya wasiyale. Niliishi na kazi yako ikining'inia mbele ya macho yangu na sikuwahi kuuliza.

Alinifundisha wiki mbili. Asubuhi nilikaa naye verandani, nikitia lastiki kwenye sketi za shule za watoto wa watu, kwa sababu alisema nikiharibu, nitaharibu sketi kwanza. Dada wa kazi walipita wakaniuliza, "Wewe si ndio engineer?" Nikajibu ndiyo, na ni mtoto wa huyu aliyekuwa anakaa hapa. Mara ya kwanza niliisema nikitazama sketi. Mara ya kumi nilikuwa naisema kabla hawajauliza.

Ili kupata vipimo vyako tulifumua mbeleko moja ya zile nane. Nakuambia hili kwa sababu nimeamua sitakuficha kitu. Nilitumaini nitakuta mishono mitatu myekundu ndani. Nilijiambia, mama hawezi kuwa alinitii kiasi hicho, lazima alitia. Nikafumua sikio la kwanza mpaka la nane. Nikafumua mfuko wote ukabaki kitambaa mezani. Haikuwepo. Nikafumua ya pili, na hapo Mama Nduku alinishika mkono akaniambia inatosha.

Hukuitia. Nilikuomba usiitie na wewe ulinisikia, kama ulivyonisikia kila nilipokuomba kitu. Nilitaka unidanganye kidogo, Mwaitu, nipate kupumua. Ulifanya kazi safi kabisa, mshono kwa mshono, bila jina. Nikajua hiyo alama haitapatikana popote, na kama jina lako litakuwepo ni lazima niliandike mimi.

Mbeleko yangu ya tano ilibeba gramu zote alizotaka Bwana Kirit, siku kumi, kwenye msumari wa dirisha la ofisi. Kila asubuhi alikuwa anapita anaipima kwa rula. Siku ya kumi na moja akaitoa, akaifunga mwenyewe kwenye droni. Ikarushwa tupu kwanza, uwanja ule ule wa nyuma ya kanisa, hakuna mtu chini. Kisha na kamera. Picha ilitulia. Si kama yako. Upande wa kushoto inatikisika kidogo upepo ukizidi, na sijajua kwa nini. Wewe ungejua kwa kuitazama tu. Lakini inabeba.

Na Faith nilimrudia. Nilimweleza kilichotokea siku ile, kwamba kosa lilikuwa langu. Aliniangalia sana. Akasema, "Ungeniua, na mimi nimekupatia maji." Nikasema ndiyo. Tumekuwa tukisalimiana, lakini nikifika na droni anaingiza nguo zake ndani kwanza. Sina la kumlaumu.

Basi Ijumaa iliyopita ndiyo ilikuwa siku ya fomu. Bwana Kirit alijaza yote, mota, betri, fremu, kwa ule mwandiko wake wa duka. Alipofika kwenye kishikizo cha kamera aliacha wazi, akaigeuza karatasi upande wangu, akanipa kalamu yake. Akatoka nje kana kwamba ana simu ya kupiga.

Niliandika majina yako yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho. Nikaandika: fundi wa nguo, Kileleshwa, Nairobi. Yanasomeka, niliyarudia kwa kalamu. Mbele yake kulikuwa na nafasi ya mwisho, nambari ya simu ya mtengenezaji, endapo watakuwa na maswali kuhusu kifaa. Nilikaa na nafasi hiyo muda mrefu kuliko ile ya jina. Laini yako ilishafungwa. Nikaandika yangu.

Kwa hiyo ahadi yangu ni hii. Mtu akipiga, leo au miaka ijayo, hata nikiwa juu ya paa la nani, nitasema kwanza kwamba ni kazi ya mama yangu. Nitasema hivyo kabla ya kusema jina langu. Kisha nitamweleza inashonwaje, moja baada ya nyingine, na nitakuwa ninajua, kwa sababu sasa najifunza.

Lala salama, Mwaitu. Simu nitapokea mimi.